Picha ya hipu kupitia API: kuichukua bila kuangusha programu wala kumwaga siri zake

Swali la msomaji: "Tuna programu ya Java iliyojengwa kwa Spring Boot 3.5, inayosimamia akiba na mikopo ya wanachama wa chama chetu. Inaendeshwa kwenye Kubernetes kwa podi tatu (nakala tatu za programu zinazofanya kazi sambamba), kila moja ikiwa na kikomo cha kumbukumbu cha GB 4 na hipu isiyozidi GB 3. Kila baada ya siku tatu hivi inakuwa nzito, grafu ya kumbukumbu ikiwa imepanda hadi karibu na ukomo, nasi tunalazimika kuizima na kuiwasha upya. Mwenzangu ananishauri nifungue anwani ya /actuator/heapdump ili nipakue picha ya hipu kwa kivinjari huku programu ikiendelea kuhudumia watu. Je, jambo hilo ni salama? Na nikishaipata picha yenyewe, nianzie wapi kuisoma?"

Jibu:

Ndugu msomaji, ushauri wa mwenzako una msingi, kwa kuwa sijui chombo kingine kinacholingana na picha ya hipu, yaani nakala ya eneo la kumbukumbu ambamo Java huweka data zake, katika kuonyesha kwa uhakika ni kitu gani kinachojaza kumbukumbu ya programu na ni nani anayekizuia kisiondolewe. Hata hivyo ameacha mambo mawili, nayo ndiyo yanayoamua kama kazi hii itakusaidia au itakuletea balaa. La kwanza ni kwamba programu haiendelei kuhudumia watu wakati picha inachukuliwa. Husimama kabisa, na kwa hipu ya ukubwa kama wa kwenu inaweza kusimama kwa nusu dakika au zaidi. La pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza, ni kwamba faili utakayoipakua ni nakala ya kila kitu ambacho programu ilikuwa inakishika wakati ule: nywila ya hifadhidata, funguo za kutia sahihi tokeni, majina ya wanachama, namba zao za simu na salio zao. Kwa sababu hiyo nakuomba uichukulie faili hiyo kama unavyoichukulia hifadhidata yenyewe, na anwani inayoitoa uilinde kama unavyolinda njia ya kuingilia hifadhidata.

Kabla hujafungua chochote, jiridhishe kwanza kwamba mnachokiona ni uvujaji wa kumbukumbu. Grafu ya hipu inayopanda si ushahidi peke yake, kwa sababu mzoa taka wa Java hana haraka: huacha objekti (vipande vya data ambavyo programu huviunda) zisizotumika zirundikane hadi aone haja ya kuzizoa, ndipo grafu inaposhuka ghafla na kuanza kupanda tena, ikifanana na meno ya msumeno. Usitazame ncha za juu za meno hayo; tazama mabonde yake, yaani kiasi kinachobaki baada ya kuzoa. Spring Boot hukupa vipimo hivyo kupitia anwani ya /actuator/metrics, ambapo jvm.memory.used huonyesha kiasi kinachotumika na jvm.gc.live.data.size hukadiria kiasi cha objekti za muda mrefu zilizosalia baada ya uzoaji. Ikiwa mabonde yenyewe yanapanda leo, kesho na kesho kutwa ilhali idadi ya watumiaji ni ileile, basi kuna kitu kinachoshikiliwa bila kuachiliwa, na picha ya hipu itakionyesha. Ikiwa mabonde yametulia lakini kumbukumbu ya podi nzima inaendelea kukua, tatizo liko nje ya hipu, kwenye bafa za moja kwa moja, kwenye rundiko la nyuzi (mikondo ya kazi inayoendeshwa sambamba ndani ya programu) au kwenye eneo linalohifadhi maelezo ya klasi, na picha ya hipu haitakuonyesha baiti hizo hata uichukue mara kumi. Hapo chombo chako ni ufuatiliaji wa kumbukumbu asilia, unaowashwa kwa -XX:NativeMemoryTracking=summary programu inapoanza na kusomwa baadaye kwa amri ya jcmd yenye VM.native_memory.

Tofauti hiyo ina sura nyingine ambayo huwachanganya wengi. Hipu ikijaa, Java yenyewe hutoa kosa la OutOfMemoryError, na ukiwa umeweka -XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError pamoja na -XX:HeapDumpPath itakuandikia picha bila kuombwa. Lakini podi ikivuka kikomo chake cha GB 4, anayeiua ni kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, Kubernetes huandika OOMKilled na namba ya kutokea 137, na Java haipati hata nafasi ya kuandika neno moja. Weka vigezo hivyo viwili hata kama utatumia API, yaani anwani ile ya /actuator/heapdump, kwa maana siku programu itakapoanguka usiku wa manane hakutakuwa na mtu wa kuita anwani yoyote.

Sasa tuingie ndani ya ombi lenyewe. Unapoita /actuator/heapdump, Spring Boot haisomi kumbukumbu na kukutumia papo hapo. Huiomba mashine ya Java, kupitia kiolesura chake cha uchunguzi kiitwacho HotSpotDiagnosticMXBean, iandike picha kwenye faili ya muda ndani ya diski. Mashine ya Java husimamisha nyuzi zote za programu, na kama ombi lina live=true hufanya kwanza uzoaji kamili wa taka ili zibaki objekti zinazofikika tu, kisha huandika objekti zote zilizobaki kwa muundo wa HPROF, moja baada ya nyingine, hadi mwisho. Ndipo nyuzi zinaporuhusiwa kuendelea, na ndipo faili inapoanza kusafirishwa kuja kwako. Upakuaji ukimalizika au ukikatika, ile faili ya muda hufutwa.

Mpangilio huo una matokeo ambayo ni vizuri uyajue kabla ya kujaribu. Mtandao wako ukiwa wa polepole, programu haisimami kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu kusimama kumekwisha kabla baiti ya kwanza haijaondoka. Lakini upakuaji ukikatikia katikati huna unachoweza kuokoa, na kuomba upya ni kuisimamisha programu mara ya pili. Aidha, kwa kuwa hakuna kinachotumwa wakati picha inaandikwa, proksi iliyo katikati inaweza kuchoka kusubiri: nginx, kwa mpangilio wake wa kawaida, husubiri sekunde 60 bila kupata kitu kisha humrudishia mteja kosa la 504, ilhali nyuma yake programu bado imesimama ikiandika. Anayeona kosa hilo hubonyeza tena, na tena. Waundaji wa Spring walilitazamia hilo wakaweka kufuli, kwa hiyo anayeomba wakati ombi jingine linaendelea hurudishiwa kosa la 429, ingawa kufuli hiyo haimzuii mtu kuanza upya mara ile ya kwanza inapokwisha. Ndiyo maana kivinjari si chombo cha kazi hii.

Muda wa kusimama unaamuliwa zaidi na kasi ya diski kuliko na kasi ya kichakataji. Chukua mfano wa diski za gp3 za Amazon, ambazo kasi yake ya msingi ni MiB 125 kwa sekunde: hipu yenye GB 3 za objekti hai itachukua takriban sekunde 25 kuandikwa peke yake, na hapo hujaongeza muda wa uzoaji kamili unaotangulia. Linganisha hesabu hiyo na ukaguzi wa uhai wa Kubernetes, ambao usipobadilishwa huuliza kila baada ya sekunde 10, husubiri jibu kwa sekunde 1 tu, na ukikosa jibu mara 3 mfululizo huihesabu kontena kuwa imekufa na kuianzisha upya. Maana yake ni kwamba ukaguzi huo unaweza kuiua programu ikiwa imebakiza kidogo tu kumaliza kuandika. Niliwahi kuitwa kwenye taasisi moja ambako jambo hilo lilikuwa limetokea mara nne kwa wiki moja; mafundi waliamini kwamba picha ya hipu huangusha Java, kumbe kilichokuwa kikiiangusha ni ukaguzi uliowekwa kwa nia njema, na kila ilipoanguka ushahidi wa siku tatu ulikwenda nayo.

Kwa hiyo andaa podi zenu mapema, siyo siku ya kuchukua picha. Mipangilio ya ukaguzi haibadilishwi kwenye podi inayoendelea kufanya kazi. Ukibadilisha kwenye Deployment, yaani maelezo ambayo Kubernetes huyafuata kuunda podi zenu, podi zote huundwa upya na hipu iliyojaa hupotea. Kwa bahati tatizo lenu huchukua siku tatu kukomaa, basi weka mabadiliko leo na uache yakomae pamoja nalo. Ongeza failureThreshold ya ukaguzi wa uhai hadi 18, ambayo kwa vipindi vya sekunde 10 inakupa takriban dakika tatu. Ukaguzi wa utayari uache kama ulivyo, kwa kuwa ni sahihi podi iliyosimama iondolewe kwenye orodha ya wanaopokea wateja.

Jambo la pili la kuandaa ni mahali pa kuandikia, nalo mara nyingi husahaulika. Faili ya muda huandikwa kwenye saraka ya muda ya Java, ambayo kwa kawaida ni /tmp. Ikiwa kontena yenu ina mfumo wa faili wa kusomwa tu, uandishi utashindikana mara moja. Ikiwa mmeifanya /tmp kuwa emptyDir (saraka ya muda ya podi) iliyo kwenye kumbukumbu, yaani medium: Memory, basi picha ya GB 3 itahesabiwa ndani ya kikomo kilekile cha GB 4, na kerneli itaiua podi kabla picha haijafika nusu. Weka emptyDir ya kawaida iliyo juu ya diski, uipe sizeLimit isiyopungua GB 8, uiambatishe kwa mfano kwenye /picha, kisha uanzishe Java kwa -Djava.io.tmpdir=/picha na uielekeze HeapDumpPath hukohuko. Faida nyingine ya emptyDir ni kwamba huishi maadamu podi ipo, hata kontena ikianzishwa upya ndani yake, kwa hiyo picha iliyoandikwa kwa kosa la OutOfMemoryError itakusubiri.

Tuje kwenye mlango wenyewe. Spring Boot haionyeshi kupitia wavuti ila anwani ya health, mpaka uitaje nyingine kwa jina. Tangu toleo la 3.4 kila anwani imepewa pia kiwango cha ruhusa, na tangu 3.5, ambalo ndilo lenu, ruhusa ya heapdump imewekwa kuwa hakuna. Kwa hiyo mwongozo wa zamani unaosema uitaje tu kwenye orodha hautakufaa, na nisingependa upoteze nusu siku ukitafuta kwa nini unapata kosa la 404. Mipangilio ninayoipendekeza ni hii:

management.endpoints.web.exposure.include=health,metrics,heapdump
management.endpoint.heapdump.access=read-only
management.server.port=9001
management.server.address=127.0.0.1
management.endpoint.health.probes.add-additional-paths=true

Mstari wa kwanza unataja majina. Wengi huweka alama ya nyota hapo ili kila kitu kionekane, na ninakusihi usifanye hivyo, kwani nyota huendelea kufungua milango ambayo hujawahi kuifikiria. Mstari wa tatu na wa nne ndiyo ngome: anwani za usimamizi zinahamia kwenye poti nyingine inayosikiliza ndani ya podi peke yake, hivyo hakuna Ingress (mlango wa Kubernetes unaopokea maombi ya nje), proksi wala podi ya jirani inayoweza kuifikia. Mstari wa tano ni tiba ya athari ya ule wa nne: kwa sababu Kubernetes hukagua afya kwa kupitia anwani ya IP ya podi na haitaweza kuifikia 127.0.0.1, mstari huo huweka /livez na /readyz kwenye poti kuu ya programu, nawe utaelekeza ukaguzi huko. Kama mnatumia Spring Security na mmeandika kanuni zenu wenyewe za ulinzi, kumbukeni kwamba ulinzi wa kawaida wa anwani hizi huwa umejiondoa, na ni juu yenu kuzitaja ndani ya kanuni hizo na kudai jukumu maalumu kwa anayeziita.

Siku ya kazi ikifika, chagua podi moja kati ya tatu, ile ambayo hipu yake imejaa zaidi, na uitenge na wateja kabla ya kuigusa. Njia nzuri ni kuivua lebo ambayo Service (inayogawa maombi kwa podi) na ReplicaSet (inayolinda idadi ya podi) huitambua kwayo, kwa mfano kubectl label pod JINA-LA-PODI app- pale lebo hiyo inapoitwa app. Service itaacha kuielekezea maombi mapya, ReplicaSet itaona imepungukiwa na kuunda podi nyingine, nayo podi yako itabaki hai na hipu yake yote, ikiwa haina mteja anayesubiri. Hakikisha klasta ina nafasi ya podi ya nne. Hakikisha vilevile kwamba kazi za ratiba zilizomo ndani ya programu haziwezi kufanyika mara mbili, kwa sababu podi iliyotengwa haijui kwamba imetengwa. Saa ya kukokotoa riba ikigonga itakokotoa kama kawaida.

Kisha fungua njia ya muda na uchukue picha kwa curl:

kubectl port-forward pod/JINA-LA-PODI 9001:9001
curl --fail -o picha1.hprof "http://127.0.0.1:9001/actuator/heapdump?live=true"

Njia ya port-forward huingia hadi ndani ya podi, ndiyo maana inaifikia 127.0.0.1 ambayo wengine hawaifikii, na anayeruhusiwa kuitumia anaamuliwa na ruhusa za Kubernetes mlizokwisha kuzipanga. Udhaifu wake ni kwamba hukatika kwa urahisi inapopitisha faili kubwa, kwa hiyo uiendeshe kutoka mashine iliyo karibu na klasta, siyo kutoka kompyuta ya nyumbani inayotumia data ya simu. Kigezo cha --fail kinazuia ukurasa wa kosa usihifadhiwe kwa jina la picha. Faili ikifika, soma baiti zake 18 za mwanzo kwa head -c 18 picha1.hprof; ukiona JAVA PROFILE 1.0.2 umepata kitu cha kweli.

Huenda ukauliza kwa nini usiingie tu ndani ya kontena na kutumia jcmd yenye GC.heap_dump, ambayo hufanya kazi ileile bila kufungua anwani yoyote. Kama unaweza, fanya hivyo, nami mwenyewe hiyo ndiyo njia ninayoianza. API ina thamani yake pale ambapo kontena imejengwa juu ya JRE isiyo na jcmd, au haina hata ganda la kuandikia amri, jambo ambalo siku hizi ni la kawaida kwa sababu za usalama. Si njia ya kuwarahisishia watu wengi kupata picha.

Nasema hivyo kwa uzito kwa kuwa matukio yapo. Mwezi Desemba 2024, kwenye kongamano la wadukuzi wa Chaos Computer Club mjini Hamburg, watafiti walieleza jinsi taarifa za takriban magari 800,000 ya umeme ya kundi la Volkswagen zilivyokuwa zinafikika, na mwanzo wa yote ulikuwa anwani ya picha ya hipu iliyoachwa wazi kwenye mfumo wa kampuni yake ya programu, Cariad. Ndani ya picha hiyo kulikuwa na funguo za hifadhi ya Amazon, na ndani ya hifadhi kulikuwa na kumbukumbu za mahali magari yalipokuwa yameegeshwa. Miezi michache baadaye, Mei 2025, huduma ya ujumbe ya TeleMessage, iliyokuwa ikitumiwa na maofisa wa serikali ya Marekani, ilidukuliwa kwa anwani ya /heapdump iliyokuwa wazi kwa yeyote. Kasoro hiyo ikapewa namba CVE-2025-48927. Katika matukio yote mawili hapakuhitajika ustadi wa kuvunja kitu. Aliyeita anwani alipewa faili.

Wengine hujiliwaza kwamba Spring huficha siri, kwa sababu wameona anwani ya /actuator/env ikionyesha nyota mahali pa nywila. Nyota hizo huwekwa wakati wa kuandika jibu la anwani ile tu. Kwenye hipu nywila iko kama ilivyo, kwa kuwa programu inaihitaji hivyo ili iunganike na hifadhidata, na amri ya kawaida ya strings ikipitishwa juu ya faili huitoa kwa sekunde chache. Kwa hiyo faili isipite kwenye WhatsApp, wala barua pepe, wala hifadhi ya wingu ya mtu binafsi. Isimbwe, yaani igeuzwe isisomeke bila ufunguo, mara inapofika, isomwe kwenye mashine moja inayojulikana, na ijulikane ni nani aliyeigusa. Tena humo mna taarifa za wanachama, na kama chama chenu kiko Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kama kiko Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na sioni sababu ya kudhani kwamba nakala iliyo ndani ya faili ya HPROF iko nje ya wajibu huo. Ikiwa kwa bahati mbaya faili imefika kusikostahili, usitafakari sana nani ameisoma: badilisha nywila zote na funguo zote zilizokuwemo siku hiyohiyo.

Kuhusu kusoma, chombo ninachokiamini ni Eclipse Memory Analyzer, ambacho ni cha bure. Faili ya GB 3 inahitaji chombo hicho kipewe kumbukumbu ya kutosha, kwa kuongeza -Xmx ndani ya faili yake ya MemoryAnalyzer.ini. Kina pia hati iitwayo ParseHeapDump.sh inayofanya kazi kwenye seva isiyo na skrini: ukiiendesha pamoja na jina la picha na maneno org.eclipse.mat.api:suspects hutoa ripoti ndogo ya washukiwa, hivyo faili kubwa yenye siri haina haja ya kusafiri hadi kwenye kompyuta yako ya mkononi. Ripoti nayo inaweza kubeba maandishi machache kutoka kwenye hipu, basi isome kabla ya kumpa mtu.

Ukiifungua picha, usivutwe na orodha ya klasi zenye objekti nyingi. Juu ya orodha hiyo karibu siku zote utakuta safu za baiti na maandishi, kwa sababu kila programu imejaa maandishi, na hilo halikuambii chochote. Kinachokuambia jambo ni kiasi ambacho objekti moja inakizuia kisizolewe, kuanzia yenyewe hadi kila kinachoitegemea, nacho hupangwa kwenye sehemu ya Dominator Tree. Ramani moja yenye baiti 48 za mwili wake inaweza kuwa imezuia GB 2 za vitu vilivyomo. Ukiipata objekti ya namna hiyo, omba njia ya kutoka kwake hadi kwenye mizizi ya uzoaji, yaani mahali ambapo mzoa taka huanzia kutafuta objekti zinazofikika, ukiacha nje marejeo dhaifu. Njia hiyo itakutajia uga na klasi inayoishikilia, na hapo kwa kawaida mwenye kuandika msimbo hulitambua kosa lake papo hapo.

Chukua picha mbili kutoka podi ileile, kwa kuwa moja inakuonyesha kilicho kikubwa ilhali mbili zinakuonyesha kinachokua. Kache (hifadhi ya muda ya data) ya MB 600 iliyo sawa asubuhi na jioni si mvujaji hata kama ni kubwa. Orodha iliyotoka MB 80 hadi MB 240 kwa saa kumi na mbili ndiyo unayoitafuta. Angalia tu kwamba podi uliyoitenga haipati tena maombi na kwa hiyo haitaendelea kuvuja, basi picha ya kwanza uichukue mapema, saa ya wateja wachache, ukiirudishia podi lebo yake baadaye na kuiondoa ile ya ziada iliyozaliwa, na ya pili uichukue karibu na siku ya tatu. Zote ziwe na live=true ili zilinganike. Picha ya live=false ina kazi yake, nayo ni kuona taka zenyewe pale unaposhuku kwamba programu inaunda objekti nyingi mno kwa muda mfupi, lakini hilo si tatizo ulilolieleza.

Kwa programu ya aina yenu ningeanza kuwashuku wachache. Ramani ya kudumu inayotumiwa kama kache bila ukomo ni wa kwanza. Vitu vilivyowekwa kwenye ThreadLocal, hifadhi ya kila uzi, na kuachwa, ilhali nyuzi za kundi hazifi, ni wa pili. Kuna na wa tatu ambaye watu hawamtarajii, nami nimemkuta mara nyingi: vipimo vyenyewe. Micrometer, maktaba ya vipimo ya Spring Boot, huunda kipimo kipya kwa kila mchanganyiko mpya wa lebo, na hakiondoi. Mwandishi wa msimbo akiweka namba ya mwanachama au namba ya muamala kuwa lebo, kila muamala huacha kipimo kinachokaa milele, na siku ya mwisho wa mwezi hipu hupanda kama maji ya bamvua. Ukiona MeterRegistry, yaani rejista ya vipimo hivyo, juu ya Dominator Tree ikiwa imeshikilia mamia ya MB, toa namba hizo kwenye lebo na uziandike kwenye logi. Mwingine ni Hibernate, maktaba inayounganisha Java na hifadhidata, ambayo hutunza mpango wa kila swali. Maswali ya IN yenye orodha za urefu tofauti huifanya itunze mpango kwa kila urefu, na dawa yake ni hibernate.query.in_clause_parameter_padding ikiwekwa kuwa kweli.

Kama baadaye mtakuwa na huduma za lugha nyingine, njia hii ipo kwa sura tofauti. Node.js ina v8.writeHeapSnapshot, lakini inahitaji kumbukumbu ya takriban mara mbili ya hipu iliyopo, kwa hiyo podi iliyobanwa hufa katikati. Chombo cha dotnet-monitor hutoa anwani ya /gcdump na hudai ufunguo tangu mwanzo. Go, kwenye /debug/pprof/heap, hutoa sampuli ya mahali kumbukumbu ilipoombwa, siyo nakala ya yaliyomo, hivyo haibebi siri kwa kiasi hicho.

Picha zote mbili zikishasomwa na chanzo kikapatikana, rudisha management.endpoint.heapdump.access iwe none kwenye toleo lilelile litakalobeba marekebisho yenu, futa podi uliyoitenga pamoja na emptyDir yake, futa faili za HPROF na fahirisi ambazo Memory Analyzer huziandika kando yake, kisha tazama mabonde ya grafu kwa siku nne, siyo tatu.